Mita 214 za Tope la Chala: Mtazamo wa Kwanza Kutoka Rau

Mita 214.8! Huo ndio urefu wa nguzo ya tope iliyochorongwa chini ya Ziwa Chala mwishoni mwa mwaka 2016, na tangu nilipotazama picha zake kwa mara ya kwanza, kila ninayemfahamu hapa Rau, Moshi, nimemsimamisha nikamsimulia. Mwenye duka la dawa amesikia. Vijana wa bodaboda wamesikia. Mama mmoja muuza ndizi sokoni Kiboriloni aliniuliza, "Sasa mwanangu, hilo tope linauzwa?" Haliuzwi, mama. Lingeuzwa, ningekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Picha zenyewe ni za miche ya tope iliyopasuliwa katikati kwa urefu, ikalazwa chini ya taa kali na kupigwa picha kipande baada ya kipande. Nilidhani nitaona kitu cheusi cha rangi moja mwanzo hadi mwisho. Lo! Ni mistari mitupu! Mstari wa rangi ya maziwa, chini yake wa kahawia iliyokoza, chini yake tena wa maziwa, tena kahawia, myembamba kiasi kwamba inabidi ukuze picha ndipo uitenganishe. Unashuka, unashuka, mistari haiishi. Mara unakutana na mkanda mweusi wa majivu ya volkano uliokatiza kila kitu, kisha mistari inaanza upya. Mara unakuta tabaka nene la mchanga lililoporomoka kutoka kwenye kuta za ziwa, kisha mistari inaendelea tena. Nilisahau hata chai.

Nieleze mistari hiyo ni nini, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Ziwa Chala liko upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, kwenye mwinuko wa takriban mita 880, nusu likiwa Rombo kwetu na nusu Taveta, Kenya. Ni shimo la volkano lililojaa maji. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 4 tu, lakini kina chake ni zaidi ya mita 90, na limezungukwa na kuta za mwamba pande zote. Halina mto mkubwa unaoingia na kulichafua kwa udongo wa mbali. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka chini ya ardhi: ni mvua iliyonyesha kwenye ukanda wa msitu wa mlima, ikazama, ikasafiri ndani ya mwamba na kuibukia humo. Sisi wa Rau tunalielewa hilo bila kufundishwa, kwa sababu msitu wetu wa Rau unaishi kwa mpango huohuo. Mivule na misoo mikubwa ya humo isingesimama kwenye tambarare hii kavu kama si maji ya mlima yanayotokeza chini kwa chini. Chala na chemchemi zetu ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa basi. Kila mwaka kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma, baridi hushuka, na maji ya juu ya ziwa hupoa. Yakipoa huwa mazito, huzama, na maji ya chini yenye virutubisho hupanda. Hapo vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa dayatomu, hupata karamu. Huzaliana kwa wingi wa ajabu, hufa, na magamba yao ya silika hunyesha hadi sakafuni. Hilo ndilo tabaka la rangi ya maziwa. Kuanzia Novemba joto linarudi, upepo unatulia, mvua za vuli na baadaye masika zinakuja, na kinachozama ni mabaki ya viumbe pamoja na chembe za chokaa. Hilo ndilo tabaka la kahawia. Jeupe na la kahawia, mwaka mmoja umekwisha. Na kwa kuwa huko chini kabisa hakuna oksijeni, hakuna mnyoo wala konokono wa kuchimbua na kuvuruga. Kilicholazwa kinabaki kilivyolazwa.

Watafiti hawakuridhika kukisia hayo. Tangu mwaka 2006 kumekuwa na mtego umening'inizwa ndani ya maji ya Chala, unaokinga kile kinachoanguka, na yaliyomo hutolewa na kupimwa mwezi baada ya mwezi. Wamelitazama tope likitengenezwa! Hili ndilo jambo linalonifanya niiamini kazi hii kuliko nyingine nyingi za aina yake. Ukitaka kusoma maandishi ya miaka 20,000 iliyopita, kwanza muone mwandishi akiandika leo.

Piga hesabu na mimi. Mita 214.8 zinabeba takriban miaka 250,000. Kwa wastani, mwaka mmoja haufiki milimita 1. Tangu Hans Meyer afike kilele cha Kibo mwaka 1889 hadi sasa, kwa wastani huo, ni tope linaloenea kiganjani. Karne nzima ni chini ya sentimita 9. Halafu unapewa mita mia mbili na zaidi! Binadamu wa aina yetu ana umri unaokadiriwa kuwa miaka 300,000 kwa ushahidi wa mifupa ya Jebel Irhoud kule Morocco. Maana yake ni kwamba karibu maisha yote ya ukoo wa binadamu yameandikwa kwenye shimo lililo kando ya barabara ya Holili. Mimi nimepita barabara hiyo tangu utotoni, tukienda Rombo kwenye misiba na harusi, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Elimu hii ya kusoma tope inadaiwa mengi na bahari, na wenye bahari wapewe heshima yao. Miaka ya 1950 Cesare Emiliani alichukua magamba ya vijidudu vya baharini viitwavyo foraminifera kutoka kwenye tope la sakafu ya bahari, akapima isotopu za oksijeni ndani yake, na mwaka 1955 akachapisha historia ya joto la bahari ikionyesha enzi za barafu zikija na kuondoka mara nyingi. Mwaka 1968 meli Glomar Challenger ilianza kuchoronga bahari kuu duniani kote. Ikafuatiwa mwaka 1985 na JOIDES Resolution, iliyofanya kazi hiyo karibu miaka 40 hadi ilipostaafishwa mwaka 2024. Kutoka kwenye miche iliyoletwa na meli hizo, mwaka 2020 wataalamu waliunganisha historia ya tabianchi ya dunia ya miaka milioni 66 bila kukatika. Miaka milioni 66! Lakini bahari kuu ina tabia moja: tope lake hujilimbikiza polepole mno, pengine sentimita 1 hadi 3 kwa miaka elfu. Chala kwa miaka elfu hiyohiyo huweka zaidi ya sentimita 80. Bahari inakuonyesha enzi na enzi. Chala inakuonyesha mwaka ambao kusi lilichelewa.

Na usidhani bahari iko mbali na Rau. Mto Rau unaopita hapa unashuka kwenye mashamba ya mpunga ya Chini ya Moshi, na bonde lake ni sehemu ya bonde la Pangani. Maji yanakwenda Nyumba ya Mungu, yanashuka Korogwe, yanatokea Pangani mjini na kuingia Bahari ya Hindi. Udongo unaosombwa na masika kutoka vihamba vya Uru na Old Moshi, ule usiokwama njiani, mwisho wake ni sakafu ya bahari mbele ya Pangani. Na huko nako wamechimba! Mwaka 2008 meli ya utafiti ya Kijerumani, Meteor, ilitoa miche ya tope mbele ya midomo ya Pangani na Rufiji, na tope hilo limetumika kueleza joto la bahari yetu kwa maelfu ya miaka iliyopita. Nilipolisoma hilo nilikwenda kusimama darajani nikautazama mto kwa muda mrefu. Watu wananipita na madumu yao, mimi naangalia maji ya rangi ya chai ya maziwa yakielekea kwenye kumbukumbu ya dunia.

Lakini kwa tope la bahari, Tanzania ina hazina kubwa zaidi, na haihitaji meli. Iko nchi kavu, Kilwa na Lindi. Udongo wa mfinyanzi uliolazwa chini ya bahari makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita umeinuliwa ukawa vilima na mashamba. Kuanzia mwaka 2002 Paul Pearson wa Uingereza na wenzake, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, walichoronga huko visima vinavyokaribia 40 kwa misimu kadhaa. Mmoja wa wanasayansi ambao majina yao yamo kwenye kazi hizo ni Joyce Singano wa TPDC, na kwa maoni yangu jina lake lingepaswa kujulikana shuleni. Ule mfinyanzi ulizingira foraminifera bila kupitisha maji, hivyo magamba yao yamebaki angavu kama yalivyokuwa siku yalipozama, yakipitisha mwanga. Kwingineko magamba ya umri huo yameshabadilika ndani na kutoa vipimo vya uongo, vikidai kwamba bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi wakati dunia nzima ilikuwa na joto. Magamba ya Kilwa na Lindi yalimaliza ubishi huo: tropiki nazo zilikuwa na joto kali. Baadaye, mwaka 2009, kutokana na visima hivyohivyo, ikachapishwa kumbukumbu ya hewa ya ukaa kuvuka mpaka wa takriban miaka milioni 34 iliyopita, wakati Antaktika ilipoanza kufunikwa na barafu. Ilionekana kwamba hewa ya ukaa ilipungua kwanza, ndipo barafu ikaja. Jibu la swali la ncha ya kusini ya dunia limetoka Kilwa! Nani angeamini?

Turudi mlimani, maana moyo wangu uko huku.

Chala haikuchorongwa kwa pupa. Mwaka 2003 na 2005 timu ya Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, ilitoa miche ya juu yenye takriban mita 21 na nusu, sawa na miaka 25,000. Hiyo peke yake ilizaa makala mbili zilizotikisa. Ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba mvua za huku kwetu haziendi kwa mzunguko ule wa miaka 23,000 unaotawala sehemu nyingi za tropiki, unaotokana na kuyumba kwa mhimili wa dunia. Zetu zinakwenda kwa nusu yake, kama miaka 11,500. Sababu ni kwamba tuko karibu na ikweta. Jua kali likipendelea kaskazini, pepo za mvua zinapata nguvu. Likipendelea kusini, zinapata nguvu pia. Kilimanjaro hunufaika pande zote mbili. Mkulima yeyote wa hapa mwenye msimu wa masika na msimu wa vuli anaijua dunia ya milango miwili. Kumbe mlango huohuo wa pili upo hata kwenye saa kubwa ya maelfu ya miaka!

Ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Christian Wolff, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Walipima unene wa matabaka mwaka kwa mwaka na kuulinganisha na El Niño. Miaka ya La Niña, kunapokuwa kukavu na upepo mwingi, dayatomu hustawi na tabaka huwa nene. Miaka ya El Niño, mvua ikiwa nyingi na upepo haba, tabaka huwa jembamba. Yaani mvua ya mwaka 1997 na 1998, ile iliyobeba madaraja na ambayo wazazi wetu wanaitaja kwa jina, ina mstari wake mwembamba pale chini ya ziwa! Wakashuka nayo njia hiyo hadi enzi ya barafu, wakagundua kwamba wakati ule, dunia ilipokuwa na baridi, tofauti ya mvua kati ya mwaka na mwaka ilikuwa ndogo kuliko leo. Kuyumbayumba huku tunakokulalamikia, mwaka huu mafuriko mwaka ujao ukame, kunaendana na joto la dunia.

Ndipo ukaja uchorongaji mkubwa wa Novemba na Desemba 2016, ukiungwa mkono na mpango wa kimataifa wa uchorongaji wa kisayansi barani. Jukwaa linaloelea lilitiwa nanga katikati ya shimo lile, na mitambo ikashusha bomba kupitia zaidi ya mita 90 za maji kabla hata ya kuligusa tope. Namna ya kulitoa bila kulivuruga ndiyo ufundi wenyewe. Bomba halizungushwi kwenye tope laini, linasukumwa kwa nguvu ya maji huku pistoni ikizuia lililo ndani lisisogee. Ni kama kudidimiza mrija ndani ya maziwa mgando, ukaziba tundu la juu kwa kidole, ukauvuta: yaliyoingia hayatoki. Kipande kimoja kinapanda, kinafungwa, kinaandikwa namba na upande wa juu, bomba linarudi kutafuta kinachofuata. Kisha shimo jirani linachimbwa ili mahali kipande kimoja kilipokatikia, kingine kiwe kizima. Kuupata umri kunategemea kuhesabu matabaka, kupima kaboni ya mionzi kwa miaka 50,000 hivi ya juu, na chini zaidi ya hapo kupima na kutambua majivu ya volkano. Na majivu yapo! Makala ya mwaka 2020 ilifuatilia milipuko ya volkano ndogondogo za eneo hili kwa miaka hiyo 250,000. Hivyo vilima vya mviringo tunavyoviona upande wa Rombo na kule Chyulu, Kenya, kila kimoja kilikuwa na siku yake ya hasira.

Nikiulizwa sifa moja inayolipandisha Chala juu ya maziwa mengine, nitasema uvumilivu. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, lilikauka kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, na kumbukumbu zake za kabla ya hapo zikakatika. Ziwa Malawi, lililochorongwa mwaka 2005, linaonyesha ukame wa kutisha kabla ya miaka 75,000 iliyopita, kina chake kikishuka kwa mamia ya mita. Chala lilishuka pia, hasa kati ya miaka 114,000 na 97,000 iliyopita kwa mujibu wa picha za mwangwi wa sakafu yake, lakini halikukauka. Maji ya msitu wa mlima yaliendelea kuingia chini kwa chini. Fikiria maana yake kwa binadamu wachache waliokuwa wakitangatanga nchi kavu: palikuwa na maji hapa, chini ya Kilimanjaro, na tope likaendelea kuandika. Hadi leo kuna samaki, Oreochromis hunteri, asiyejulikana kwa asili popote duniani ila ndani ya shimo hili, na sasa yuko hatarini.

Wengi wakisikia "historia ya tabianchi ya Kilimanjaro" hufikiria barafu. Haki yao. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alichoronga miche sita kwenye barafu ya Kibo, mrefu kuliko yote ukiwa na karibu mita 51, na makala yake ya mwaka 2002 ilisema barafu hiyo inafika miaka 11,700, ikiwa na mstari wa vumbi wa ukame mkubwa wa kama miaka 4,000 iliyopita. Ni kazi ya kishujaa, kwa sababu barafu ilikuwa inaisha: kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi zisizofika 3 mwaka 2000. Lakini umri ule umebishaniwa na wengine, na barafu ikipata joto hujifuta yenyewe. Nalisema waziwazi ingawa najua wenyeji tunavyoipenda ile kofia nyeupe: kwa kumbukumbu, tope limeishinda barafu, na limeishinda mbali.

Na sasa kilele cha yote, kilichonifanya nikae chini niandike. Agosti 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Allix Baxter wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, pamoja na Verschuren, Jaap Sinninghe Damsté na wengine. Walisoma miaka 75,000 ya juu ya mche wa Chala. Joto la kale walilisoma kwenye molekuli za mafuta zilizoachwa na bakteria, ambazo hubadilika umbo kulingana na ujoto wa mazingira. Ukavu na unyevu waliusoma kwenye alama nyingine ndani ya tope hilohilo. Ni ufundi ambao sehemu yake kubwa ilikomazwa katika utafiti wa bahari, tena Sinninghe Damsté mwenyewe ni mtu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Uholanzi. Bahari imekuja kulisoma ziwa letu.

Walichokiona ni hiki. Katika enzi ya barafu, huku kwetu joto likipanda, unyevu nao ulipanda. Likishuka, nchi ilikauka. Kisha, karibu miaka 11,700 iliyopita, dunia ilipoingia kwenye kipindi hiki cha joto tunachoishi, uhusiano ukageuka chini juu. Tangu hapo joto likipanda, nchi inakauka. Wakati wa baridi, kuongeza joto kulimaanisha hewa kubeba mvuke zaidi na mvua kuongezeka. Ukishavuka kiwango fulani, jua linanyonya maji ya ardhini na mimea kuliko yale ambayo mvua inarudisha. Kwenye mchoro wao, sehemu moja mstari mmoja unamfuata mwenzake, sehemu nyingine unamkimbia. Nimeutazama mchoro huo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuchora mchangani.

Kwa nini nitetemeke kwa ajili ya mchoro? Kwa sababu mifano mingi ya kompyuta inatabiri kwamba Afrika Mashariki itapata mvua zaidi dunia ikizidi kupata joto, wakati miongo ya karibuni tumeshuhudia masika yakishindwa tena na tena. Wakulima wa Chekereni na Mabogini, wanaogawana maji ya Rau na Njoro kwenye mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, hawahitaji kuambiwa. Zamu ya maji inagombewa. Tope la Chala linasema kwamba kukauka huku huenda ndiyo kawaida ya mahali hapa joto linapopanda. Hii si habari ya kuachiwa wasomaji wa majarida ya Ulaya. Inawahusu bodi ya bonde la Pangani, wenye mifereji ya asili ya Uchagani, na anayefikiria kupanda mpunga au mtama.

Mapungufu? Ninayo mawili, na ninayasema kwa upendo. La kwanza, miche iko ng'ambo na maelezo yake yote mazuri yako kwa Kiingereza kigumu. Natamani ukuta mmoja tu hapa Moshi, mrefu wa kutosha, uwekwe picha ya mche mzima wa Chala kwa ukubwa wake halisi, mita 214.8, watoto wa shule watembee kando yake wakivuka miaka elfu kwa hatua moja fupi. La pili, matabaka yanayosomeka mwaka kwa mwaka hayana ubora uleule mwanzo hadi mwisho, na maporomoko ya kuta yamekatiza sehemu nyingine. Haiharibu kitu, ila usitegemee kuhesabu hadi robo milioni kwa kidole.

Ukitaka kuliona ziwa lenyewe, toka Moshi shika Himo, elekea Holili, uliza njia ya Chala. Kila mtu anaijua. Mimi nimekwenda baada ya kuziona picha, na ni ziara tofauti kabisa na zile za zamani. Nilisimama ukingoni, kusi likipiga, nikawaeleza vijana wawili waliokuwa wakiteremka kuvua kwamba msimu huu ndio tabaka jeupe la mwaka linaposhuka. Mmoja akauliza kama tabaka la mwaka aliozaliwa lipo. Lipo! Lipo, na la babu yake lipo, na la babu wa babu yake.

Kinachonifanya nisitulie sasa ni sehemu iliyobaki. Miaka 75,000 imesomwa kwa joto na unyevu. Chini yake kuna miaka mingine kama 175,000. Humo, kwa wastani ule wa kulimbikizana, mahali fulani zaidi ya mita 100 chini ya sakafu ya ziwa, kuna kipindi cha miaka takriban 125,000 iliyopita, mara ya mwisho kabla ya yetu ambapo dunia ilikuwa na joto kama hili au kulizidi. Kama sheria ya Chala ni kweli, kwamba joto likipita kiwango fulani Kilimanjaro hukauka, basi kipande hicho cha tope kinapaswa kuionyesha tena, bila kiwanda, bila gari, kabla ya kihamba cha kwanza kulimwa. Nataka kuliona tabaka hilo. Nataka kujua lilikuwa nene au jembamba.